Mtu wa Pande Mbili

 

Leo habari yetu ni maoni ya watu: namna neno linavyotoka kinywani mwa mmoja likaenea kwa mia, na namna watu waliokuwa wakila pamoja wanavyogawanyika, hawa huku na hawa kule, hata kusalimiana kukawa kazi. Wengi wetu tunaamini dawa yake ni kuzungumza zaidi. Mkutano uitishwe, wazee wakae, redio ifungue simu, kila mtu aseme lililo moyoni, na mambo yatatulia. Mimi nasema si kila mazungumzo yanatuliza. Mengine yanachochea. Nitaeleza kwa nini, na nitaanzia hapahapa kwetu, Nyangwe kando ya mto Lualaba.

Mwisho wa mwezi wa Machi mwaka 1871 aliingia Nyangwe Mskoti mmoja, David Livingstone. Alikuwa mgonjwa, amechoka, karatasi zimemwishia hata akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino alioutengeneza mwenyewe. Shida yake ilikuwa mtumbwi. Alitaka kuununua avuke Lualaba, aufuate mto ajue unakwenda wapi. Mitumbwi ilikuwepo tele, na Wagenya waliokuwa mabingwa wa mto walikuwa wanavusha watu kila siku. Yeye alikaa pale hadi mwezi wa Julai bila kuupata.

Kilichomzuia ni uvumi. Alikuwa ametumiwa watu kutoka pwani wamsaidie, watumwa wa matajiri wa Kihindi wa Unguja, na watu hao hawakutaka safari iendelee. Basi wakawaambia Wamanyema: huyu mzungu hataki pembe, hataki watumwa, anataka mtumbwi ili avuke akawaue watu. Neno likavuka mto kabla yake. Kila aliyemwendea alikuwa ameshalisikia.

Tusiwacheke wazee wetu kwa kuliamini. Tazameni lilivyokaa. Kwanza, lilijibu swali lililokuwa vichwani mwa watu wote. Kila mgeni aliyefika Nyangwe alikuja kutafuta pembe au watumwa. Huyu anasema hataki hiki wala kile. Anataka nini basi? Swali likikaa bila jibu, jibu la kwanza kufika ndilo hupewa kiti. Pili, waliolileta walikuwa watu wa kambi yake mwenyewe, wanakula kwake na kulala kwake. Nani angeshuku ushahidi wa mtu wa nyumbani? Na tatu, tuseme mtu wa ng'ambo alilisikia kwa shemeji yake, kisha kwa mwenye mtumbwi, kisha kwa mwanamke anayeuza samaki. Akahesabu mashahidi watatu, kumbe wote watatu wamekunywa kisima kimoja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kule Nyangwe lilisemwa, halikuwepo, wala halikuja.

Sasa uangalieni mji wenyewe. Siku ya soko watu walifika takriban 3,000, wengi wao wanawake, wengine wamevuka mto alfajiri na makapu kichwani. Walileta samaki, muhogo, mafuta ya mawese, vyungu, chumvi, kuku, pilipili, konokono na kumbikumbi wa kukaanga. Livingstone alipenda kukaa awatazame wakibishana bei na kucheka. Na aliambiwa jambo moja ambalo naomba mlishike vizuri, maana mazungumzo yetu yote yamelalia juu yake: hata nchi mbili zikiwa vitani, wanawake wa soko walipita na mizigo yao kutoka soko hadi soko, na haikupata kujulikana kwamba wameporwa.

Wanaume wanapigana na njia imefungwa, lakini mama mwenye kapu la samaki anapita. Anaporudi jioni harudi na chumvi peke yake. Amewaona watu wa upande wa pili. Ameona kwamba nao wana msiba, nao wana njaa, na kwamba yule mkubwa wao anayesemwa ana jeshi zima anao vijana wachache tu. Akiulizwa jikoni kwake, atasema alichokiona kwa macho. Neno la mtu kama huyo hupunguza ukali wa maneno mengine kumi.

Tarehe 15 Julai 1871 soko hilohilo lilipigwa risasi. Siku hiyo walikuwepo kama watu 1,500. Watu watatu wa tajiri aitwaye Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kugombana na muuzaji juu ya bei ya kuku, kisha wakafyatua. Wengine wakapokea kutoka upande wa kihori, mahali mitumbwi ilipofungwa. Wanawake wakaikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikabanana, wakajitupa mtoni. Wafanyabiashara wa Kiarabu wa pale mjini wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Na ng'ambo, moshi wa vijiji ulikuwa tayari unapanda: mtu wa Dugumbe aliyejulikana kwa jina la Tagamoio alikuwa kule anachoma.

Kwa nini? Sababu aliyoelezwa Livingstone ni hii. Manilla, mtumwa mkubwa wa Said bin Habib, alikuwa amechanjiana damu na Kimburu na machifu wengine wa ng'ambo. Urafiki ule wenyewe haukuwa safi, kwa maana ulitiwa nguvu kwa kuchoma vijiji vya wengine. Lakini hasira ya watu wa Dugumbe haikutokana na vijiji. Walikasirika kwamba mtu mwingine amefunga udugu na ng'ambo bila wao. Walitaka nchi nzima ijue kwamba rafiki ni mmoja tu, nao ndio huyo. Na adhabu haikuishia kwa Manilla wala kwa Kimburu. Ilifika mpaka sokoni, mahali pa pekee ambapo pande zote zilikuwa zinaonana.

Wasikilizaji, hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Maoni hayawi makali kwa sababu watu hawasemezani. Yanakuwa makali pale ambapo kila mtu anasemezana na wa upande wake tu. Kinachozuia hali hiyo ni yule mtu mwenye mguu huku na mguu kule. Na siku mambo yanapoharibika, mtu huyo ndiye wa kwanza kushukiwa, na ndiye wa kwanza kuumia.

Habari ya Nyangwe ilifika London mwaka 1872, katika barua alizozichukua mwandishi wa habari Stanley baada ya kumkuta Livingstone Ujiji. Iliwachoma watu moyo, na haki yao. Ikaongeza nguvu kwa wale waliokuwa wanamshinikiza Sultani Barghash wa Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Habari ilikuwa ya kweli, na ilileta jema.

Lakini habari ya kweli nayo ikipita mikono mingi hupunguzwa. Kila anayeipokea anaacha kidogo njiani, mpaka yanabaki majina mawili: mbaya na mwema. Daftari ambalo Livingstone aliliandika juu ya magazeti pale Nyangwe lilikuja kusomwa vizuri mwaka 2011, wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipolipiga picha kwa mianga maalumu, maana wino ulikuwa umefifia. Ikaonekana kwamba daftari lile na kitabu kilichochapwa mwaka 1874 havilingani kila mahali. Kama maneno ya shahidi mmoja yanabadilika kati ya mkono wake na kitabu chake, vipi yatakapokuwa yamepita kwenye magazeti, makanisa na mabunge ya Ulaya? Kule yalibaki maneno mawili tu, Mwarabu na Mzungu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji akayatumia kupiga vita vyake hapa kwetu, vilivyoanza mwaka 1892, akisema amekuja kuondoa utumwa. Nyangwe ikachukuliwa mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili. Wale walioitwa Waarabu, wengi wao walikuwa wamezaliwa hukuhuku na mama zao ni wa hukuhuku. Na wale walioitwa wakombozi, baadaye waliwakata watu mikono kwa sababu ya mpira.

Katikati ya majina hayo mawili alisimama Ngongo Leteta. Alikuwa mtu wa mfanyabiashara mkubwa Tippu Tip, akipigana kwa niaba yake. Mwaka 1892 alihamia upande wa Wabelgiji na kuwapa askari na njia. Bila yeye sijui kama wangefika Nyangwe kwa wepesi ule. Mwezi wa Septemba 1893, vita vikiwa bado havijaisha, maofisa wachache kule Ngandu walisikia kwamba anapanga kuwageuka. Wakamweka mahakamani, wakamhukumu, wakampiga risasi. Mkuu wao Dhanis aliposikia alimtuma daktari Hinde mbio azuie, akafika mtu ameshauawa. Mnamo Julai 1895 askari wa Luluabourg waliasi, na kifo cha Ngongo Leteta kinatajwa miongoni mwa mambo yaliyowauma. Mimi siwasimulii habari zake ili kumfanya malaika. Aliiteketeza nchi kubwa katika ujana wake. Nawauliza tu: ilikuwaje uvumi mmoja ukatosha kumwua? Ulitosha kwa sababu alikuwa ameshakula sahani mbili. Mtu aliyejuana na pande zote mbili, neno lolote baya juu yake linaingia kirahisi.

Haya, tutoke karne ile. Mtaniuliza: je, mazungumzo ya watu wa upande mmoja yanamfanya mtu awe mkali kweli, au ni maneno yako tu, mtangazaji?

Yamepimwa. Mwaka 1969 Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walichapisha kazi waliyoifanya na wanafunzi huko Ufaransa. Kila mmoja aliulizwa peke yake anamwonaje Jenerali de Gaulle, rais wao wa wakati huo, na anawaonaje Wamarekani. Wengi walimpenda Jenerali kiasi, na kuwachukia Wamarekani kiasi. Kisha wakakalishwa vikundi vikundi wazungumze. Baada ya hapo mapenzi kwa Jenerali yakazidi, na chuki kwa Wamarekani ikazidi. Hakuna aliyewaletea habari mpya. Walizungumza wao kwa wao tu.

Inavyotendeka si vigumu kuiona. Tuseme tumekaa watu sita, na sote tunahisi kwamba mtoza ushuru wa soko anatuonea. Mimi nina sababu moja, wewe unayo nyingine, mama yule anayo ya tatu. Tukimaliza, kila mmoja anaondoka na sababu sita, na hajasikia hata moja ya upande wa pili, maana mtoza ushuru hakuwepo wala ndugu yake hakuwepo. Zaidi ya hapo, hakuna anayependa kuonekana baridi mbele ya wenzake. Wa kwanza akisema "anatuonea", wa pili atasema "ni mwizi", na wa tatu hawezi tena kusema "lakini juzi alinisamehe deni", kwa sababu ataulizwa amelipwa kiasi gani. Basi ananyamaza. Na ukimya wake unahesabiwa kuwa kura ya ndiyo. Penye wazee haliharibiki neno, sawa. Lakini wakiwa ni wazee wa upande mmoja tu, neno linaweza kuharibika vizuri kabisa, na kwa heshima zote.

Jambo linalotugusa zaidi sisi watu wa redio lilitokea jirani, Kivu. Shirika la La Benevolencija lilitayarisha mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho, habari za jamii zinazogombana na namna ya kupatana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck akafuatilia athari zake, na matokeo akayachapisha mwaka 2010. Sehemu nyingine watu walisikiliza mchezo peke yake. Sehemu nyingine, mchezo ukimalizika, kilifuata kipindi cha mazungumzo kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane waliyoyasikia na kujaribu kuona kwa macho ya mwenzao. Mwaka ukapita.

Nani alibadilika kwa wema? Mimi ningesema waliozungumza. Na kweli walizungumza zaidi kuliko wengine. Lakini walionekana pia kuwa na uvumilivu mdogo zaidi, na kukumbuka zaidi manung'uniko yao ya zamani. Watafiti waliwapa watu chumvi kama zawadi, wakawauliza kama wangependa kuwagawia wale wasiowapenda katika jamii yao. Waliopata mchezo pamoja na kipindi cha mazungumzo walikuwa wazito kutoa kuliko waliosikiliza mchezo peke yake.

Chumvi hiyo, wasikilizaji, nimeifikiria sana, kwa kuwa kazi yangu ni hiihii. Kipindi kile hakikuendeshwa na wachochezi. Kiliendeshwa na watu wenye nia njema kabisa. Lakini mtu aliyesikiliza nyumbani alijadiliana na nani? Na mkewe, na kaka yake, na majirani wanaosali naye. Aliambiwa afikirie jirani wa kabila lingine, na jirani mwenyewe hayupo barazani. Kilichokuja kichwani si uso wa jirani, ni madeni yake: shamba la babu, ng'ombe aliyepotea, kijana aliyeuawa. Wakayahesabu pamoja, yakawa mengi.

Kule Beni na Butembo jambo hilo la kugawanyika pande lilikwenda mpaka kwenye ugonjwa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Mwezi uliofuata watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa miji hiyo, na mmoja katika kila wanne alisema ugonjwa huo haupo. Mkitaka kuelewa kwa nini, msianze na ujinga. Anzeni na miaka ya mauaji ambayo watu wale waliomba ulinzi wasiupate, kisha siku moja yakamiminika magari na fedha kwa ajili ya homa. Swali lilikuwa lilelile la Nyangwe: hawa wanataka nini? Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, ikitaja Ebola na usalama. Kesho yake kundi la watu wenye hasira likavamia kituo cha wagonjwa Beni. Kuanzia hapo, kuamini au kutoamini Ebola hakukuwa tena habari ya homa na damu. Kulikuwa kadi ya kuonyesha wewe ni wa upande gani. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, umeua watu 2,287.

Na waliosaidia kulegeza mvutano huo ni akina nani? Miongoni mwao walikuwa wale waliougua wakapona. Walirudi kwenye vituo kulea watoto ambao mama zao wamelazwa, na jioni walirudi mitaani kwao. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtaa wake, anajulikana kwa baba na mama, na pia alikuwa ameona kwa macho yake kilichomo ndani ya kituo. Huwezi kumwambia kwamba ugonjwa haupo, wala huwezi kumwambia kwamba yeye ni mgeni aliyefuata fedha. Ni mtu wa pande mbili, kama mama wa soko wa Nyangwe.

Sasa turudi kwetu, na simu zetu. Nendeni jioni pale wanapochaji simu kwa paneli ya jua. Simu zimepangwa juu ya ubao, kila moja na kikaratasi chenye namba, vijana wamekaa kwenye mabenchi wanangoja. Sauti ya WhatsApp inaingia kwa mmoja. Mtu asiyejulikana, anahema, anasema huko kwenye machimbo watu fulani wamewapiga watu fulani. Mwenye simu anaongeza sauti ili wote wasikie. Kabla betri hazijajaa, ile sauti imekwenda kwenye kundi la familia, kundi la kanisa, kundi la waliosoma pamoja, na kundi la watu wa kijiji waliohamia Kindu na Lubumbashi. Usiku mama anaipata kutoka kwa binti yake, na asubuhi anaipata tena kutoka kwa shemeji. Anasema, basi ni kweli, nimeisikia kwa watu wawili. Ni kilekile kisima kimoja cha mwaka 1871, ila mtumbwi wa siku hizi hauna haja ya Mgenya wa kupiga kasia.

Tofauti nyingine ni kubwa zaidi. Neno la zamani lilibebwa na mtu mwenye miguu. Lilipofika, ungeweza kumwuliza: wewe ulikuwepo? Ulimwona nani? Na huyo mbebaji, kwa kuwa kesho atapita tena njia hiyohiyo, alikuwa na sababu ya kuchunga ulimi. Sauti ya simu haiulizwi. Tena makundi yetu ya simu tumeyaunda kwa kufanana: kabila kwa kabila, dini kwa dini, chama kwa chama. Soko halikuundwa hivyo. Muuza samaki hachagui kabila la mnunuzi.

Chukueni habari ya Salamabila, huko Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya. Mnajua yaliyopita huko kati ya kampuni, wachimbaji wadogo, wanajeshi wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai. Wako wanaosema hao Mai-Mai ni watoto wetu wanaodai haki yetu. Wako wanaosema ni majambazi wanaoishi kwa jasho letu. Mimi sitaamua leo kipi ni kipi. Ila sikilizeni mkao wa kila upande, mtaona hoja zimekwisha kitambo na limebaki swali moja tu: wewe ni wetu au ni wao? Mwalimu akifundisha watoto wa pande zote, ni jasusi. Muuguzi akimfunga kidonda kijana wa msituni, ni msaliti. Mama akipeleka mafuta ya mawese kwenye machimbo akarudi na fedha, anaulizwa amekula na nani. Tukiwamaliza watu hao kwa maneno, nani atatuambia ukweli wa upande wa pili?

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba.

La kwanza, hesabuni chanzo, msihesabu vinywa. Habari ikikufikia mara tano, uliza zile tano zimetoka wapi. Kama zote zimetoka kwenye sauti moja ya mtu asiyejulikana, una habari moja, tena kilema.

La pili ni kwenu wazee, machifu na viongozi wa dini. Desturi yetu ni kila upande ukae kwanza peke yake, ukubaliane neno, kisha ndipo pande zikutane. Inaonekana ni adabu, lakini mmesikia yaliyowapata wale wanafunzi wa Ufaransa. Upande ukikaa peke yake siku tatu, unakuja kwenye kikao umeiva kwa ugomvi, na msemaji wake hawezi kulegeza hata kidogo bila kuaibika. Afadhali tangu siku ya kwanza kila kikao kiwe na watu waliooa ng'ambo, au wanaofanya biashara ng'ambo, na wapewe nafasi ya kusema mapema kabla maneno makali hayajatangulia. Akina mama wa soko wasiachwe jikoni kupika chakula cha kikao. Ndio wenye habari.

La tatu ndilo kubwa. Tuache kumwita msaliti mtu kwa sababu tu anasalimiana na upande wa pili. Akiiba, ashitakiwe kwa wizi. Akiua, ashitakiwe kwa mauaji. Lakini kujuana na watu si kosa. Msafiri Cameron alipopita Nyangwe mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, walilikuta soko limesimama tena na wanawake wanauza. Baada ya yale yote, kulikuwa na mtu aliyetangulia kuvuka na kapu lake, na wa pili akamwona akarudi salama, na wa tatu akafuata. Hakuna hotuba iliyofanya kazi ile. Lakini ilihitaji jambo moja kutoka kwa wale waliobaki nyumbani: kwamba atakaporudi asipigwe mawe.

Na sisi watu wa redio tusijitoe katika hesabu hii. Wiki ijayo tutafungua simu kuhusu habari ya machimbo, kama mlivyoomba. Ila kutakuwa na sharti. Atakayepiga ataanza kwa kutueleza jambo moja aliloambiwa na mtu wa upande usio wake, aliloambiwa ana kwa ana, si kwa sauti ya WhatsApp. Ataeleza lile jambo kwa namna ambayo huyo mtu, kama anatusikiliza, atasema "ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema". Akishamaliza, atakuwa huru kutoa maoni yake. Ambaye hana mtu wa namna hiyo, ana wiki nzima ya kumtafuta.